Mama Yona, Mikono Nimeitoa Mfukoni

Mama Yona wangu,

Onga mshi, nakuamkia kikwetu, huko uliko. Mimi ni mzima, na kama kuna mtu huko amekuambia nimezeeka, muulize kwanza yeye ana umri gani. Ulikuwa unasema mimi ni hodari wa mdomo tu, lakini barua siwezi kuandika hata ya kuomba maji ya kunywa. Haya, tazama. Darasa langu la nne limetosha. Kalamu nimeishika mwenyewe, na utaona mbele kwa nini hilo si jambo dogo.

Barua hii itabandikwa ukutani pale dispensari, juu ya benchi la wagonjwa. Daktari wa utafiti aliomba mzee mmoja aandike, wenzake wasome wasiogope. Wakamchagua nani? Usiulize. Nimewaambia nitaandika, ila nakuandikia wewe. Wao wasome kwa pembeni.

Unaukumbuka mpea wa juu ya nyumba. Uliuleta ukiwa mche, umeufunga kwenye kanga, siku unaolewa kutoka kwenu Rangwi, na wajomba zangu wakacheka kwamba bibi harusi kaja na kuni. Nikakuambia, "Niachie mimi." Mche ulipokua nikaubebesha, nikaupachika vikonyo vya mti mwingine: upande huu mapea yenu ya Rangwi, upande ule mapea yetu ya huku. Mti mmoja, matunda namna mbili! Watu walipanda kutoka Soni kuja kuangalia. Wewe ulisimama chini na vikonyo ndani ya kitambaa kibichi, unanipa kimoja kimoja, na niliposhuka ukaniambia, "Mti unajisifu wenyewe, wewe nyamaza kidogo." Sikunyamaza. Mpaka leo, kati ya Soni na Lushoto hakuna mkono uliobebesha matunda kama mkono huu, na yule fundi mwenzangu, Mzee Kofia wa Soni, anajua, hata kama hasemi.

Halafu mikono yako ikaanza. Asubuhi vidole vimekaza kama vijiti vya mwavuli, mwiko huwezi kuushika mpaka jua lifike kizingitini. Vifundo vimevimba, vya kulia na vya kushoto sawasawa, kama vimeambiana. Wote hapa tukajua ni ukungu. Mtu anaamka gizani, anakwenda bondeni kumwagilia kabichi, miguu majini, ukungu umemkalia mabegani. Utaacha kuingia kwenye mifupa? Muulize yeyote hapa milimani atakuambia hivyo, na dawa yake atakutajia: teremka Mombo ukaanikwe.

Nikakuteremsha Mombo kwa binamu yako. Nikakukalisha uani juani kama mahindi, na sweta juu, ili ukungu utoke vizuri. Mimi nikakaa kivulini kusimamia kazi.

"Unatoka?" nikauliza.

"Kinachotoka ni jasho."

"Na mikono?"

"Mikono inauma kama ya nyumbani, mgosi wangu. Ila sasa na kichwa kinauma."

Binamu yako akapita na ndoo. "Shemeji, huyu ukimwacha hapo mpaka jioni utamla na chumvi." Halafu akatuonyesha bibi wa nyumba ya pili, vidole vyake kama vyako kabisa, na hajawahi kupanda mlima hata siku moja. Ukanitazama. Nikasema, "Labda ukungu wake ulishuka." Tukarudi zetu. Gari lilipofika Soni baridi ikaingia dirishani, ukavuta pumzi, ukacheka mpaka kondakta akauliza mama ana nini. Ukamjibu, "Mume wangu alinianika, nimekauka."

Hospitali ndiyo ilituambia kwamba si ukungu. Walisema ni baridi yabisi ile yenyewe: askari wa mwili, wale wa kinga, wamekosea nyumba, wanavipiga viungo vyako wakidhani ni adui. Ukapewa vidonge. Pole pole uvimbe ukashuka, vidole vikarudi vyembamba. Lakini maumivu yakabaki, na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana watu wanaangalia mkono na hawaoni kitu. Dada yangu Eline akasema mbele ya wageni, "Wifi anadeka. Mkono mzuri kama wa bibi harusi!" Wewe ukamjibu bila hasira, "Wifi, uvimbe umeaga. Maumivu ni mgeni asiyejua kuaga."

Mimi nilikuamini. Hilo nataka lisomwe kwa sauti. Nilikuwa naosha sufuria mimi, mlango wa jikoni nimeufunga, na Eline akigonga namwambia nakagua paa. Na sufuria zangu zilikuwa ziking'aa kuliko zako. Hilo nalo ni kweli.

Mwisho wake ni mapafu yaliyokuchukua, si vidole. Tuliache hapo. Sikia sasa yaliyonipata mimi.

Vidole vyangu navyo vikaanza. Mimi! Nikaingiza mikono kwenye mifuko ya koti na haikutoka tena. Vijana wananiamkia, "Shikamoo babu," wananyoosha mkono, mimi "Marahaba" na mikono iko ndani. Wakasema mzee kazidi kiburi. Nikawaacha. Kiburi changu wamekizoea, mikono mibovu wasingeizoea.

Wakati huohuo mpea wako ukaanza kuoza shina. Gome linabanduka, ndani kumekuwa unga. Njia ni moja tu: kukata vikonyo vyake msimu wa baridi, mti ukiwa umelala, na kuvibebesha kwenye miche mipya. Msimu ukipita, mti umekwenda na mapea yake yamekwenda nao. Ya namna ile sijayaona tena hata huko Rangwi. Nikatoka asubuhi na kisu changu cha kubebeshea. Kikaanguka. Nikakiokota, kikaanguka tena. Kuinua macho, Neema, mke wa Yona wetu, amesimama na ndoo ya maji.

Unaijua heshima ya nyumba yetu. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono. Hata kikombe anakiweka mezani, mimi nakichukua. Kwa hiyo hakusogea. Akasema tu, "Baba, mikono imekuwa kama ya mama."

Nikamwambia kisu kina mafuta.

Juma lile watu wa utafiti wakafika dispensari, wanatafuta wazee wanaoumwa viungo. Neema akasema, "Baba, twende." Nikasema mimi si sungura wa kuchomwachomwa sindano. "Haya," akasema, "basi nimpigie Mzee Kofia aje abebeshe mpea wa mama." Mama Yona, yule binti anafanana na wewe, sijui mlikaa wapi mkafundishana. Nikavaa viatu.

Daktari mwenyewe ni binti mdogo. Akaniamkia vizuri, akanyoosha mkono. Benchi limejaa, wote wananitazama: leo mzee atafanyaje? Nikaitoa. Yote miwili, mchana kweupe, na vifundo vyake kama viazi. Hakuna aliyecheka. Mzee aliyekaa kando yangu akatoa ya kwake chini ya blanketi. Na dada yangu Eline, aliyekuja eti kunisindikiza, akafungua kanga pole pole, na yake ndiyo hiyo hiyo! Benchi zima tulikuwa tumeficha mikono, kila mtu anadhani yuko peke yake.

Daktari akatueleza kazi yao. Wanachunguza seli za mishipa ya fahamu, zile zinazopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Akasema, "Babu, wakati mwingine uvimbe unaisha lakini hizi seli zinaendelea kupiga kelele, kama zimezoea. Tena zinaongea na wale askari wa kinga. Zinaweza kuwachochea, na zinaweza kuwatuliza. Ni kwa namna gani hasa, hatujajua vizuri. Ndiyo maana tunaomba damu yenu, na tunaomba mtuambie mnavyosikia mwilini."

Nikasimama. "Hayo mke wangu alishayasema!"

"Bibi alikuwa daktari?"

"Alikuwa Mama Yona."

Nikamweleza habari ya mgeni asiyejua kuaga, akaiandika. Nikamwambia aandike na hili, kwamba mimi niliamini kabla ya hadubini yoyote. Akacheka. Nilisimama pale mpaka akaandika. Eline akavuta kanga, akasema chini chini, "Kumbe wifi hakuwa anadeka." Nikamwambia aseme tena, sijasikia vizuri. Alisema tena.

Nikatia sahihi, jina langu lote, si dole gumba. Lakini daktari akanionya: damu ile ni ya kujifunza, isinifanye nikadhani nimetibiwa. Akanituma hospitali ya Lushoto, nikapewa vidonge. Navyo vinafanya kazi kwa mwendo wa kinyonga, na msimu wa baridi haungojei mtu.

Kwa hiyo tukaweka meza nje, mimi upande huu, Neema upande ule. Kisu nakiweka mezani, yeye anakichukua. Heshima haikuguswa.

"Mshazari! Mshazari, hukati kitunguu!"

"Ndiyo, baba."

"Gome likutane na gome. Funga utepe. Kaza! Si hivyo, utaunyonga!"

"Baba," akasema, macho hayatoki kwenye kisu, "nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Najua huamini, muulize yeye. Nilinyamaza mpaka akamaliza, maana ile sauti haikuwa ya kwake peke yake. Mche wa mwisho nilisema ni wangu. Niliukata kwa mkono huu, na kisu kiliponiponyoka Neema aliangalia kabichi.

Miche aliyobebesha Neema imechipua, karibu yote. Wangu umekauka. Nalisema hapa ukutani mbele ya watu wote, halafu naongeza: maneno yalikuwa yangu. Mpea wako uko hai, Mama Yona, umesimama mdogo mdogo kwenye mifuko ya udongo nyuma ya nyumba, na Mzee Kofia amekuja kuomba mmoja. Nitampa. Nimemwacha angoje kwanza.

Mikono nayo imepungua. Nimeshika kalamu, si unaona? Vijana wakiniamkia nawapa mkono, tena naubana kidogo wajue. Ila kidole cha kati asubuhi bado kinauma, ingawa ukikitazama hakina kitu. Daktari anataka tumwambie mambo kama hayo, na nitamwambia.

Kuna moja tu ambalo sitaki alitafutie dawa. Uvimbe wa siku zile za msiba umeshashuka. Nakula, nacheka, nagombana na Eline. Lakini asubuhi, jua likifika kizingitini, bado nauchukua mwiko nauweka upande wako jikoni, karibu na pale mkono wako ulipokuwa ukipumzika. Neema ananiona, na hauondoi.

Huyo mgeni mwache akae.

Lala vizuri, mama. Mapea yakizaa utasikia kelele zangu huko huko.

Mumeo,
Baba Yona,
fundi wa mapea kuanzia Soni mpaka Lushoto