Kipande Chako cha Mfereji

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa mazoea, ingawa leo hakuna wa kuniitikia marahaba.

Kidato cha Pili chako nimepewa mimi. Umewaacha katikati ya viunganishi tegemezi vya Kiingereza: because, although, unless, until. Mimi huyu unayenijua kwa mdomo, siku ya kwanza niliandika tarehe ubaoni mara mbili. Nilikumbuka ulivyokuwa ukiwaambia, "Hicho ni kishazi tegemezi, mwanangu, hakisimami peke yake. Kitafutie mwenzake ndipo ukae." Hata kengele ilie, hakai mtu.

Nikamwinua Nakiete, yule mbishi wako, atunge sentensi ya because. Akasema, "Because Madam died..." akaishia hapo. Ilinipasa nimwache amesimama mpaka amalize. Sikuweza, Mwalimu. Nikamwambia akae, nikageukia ubao nikajifanya nafuta.

Kilichoninyima raha zaidi ni shamba lako. Utaratibu wa huku Gonja unaujua kuliko mimi: siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba husafisha kipande chake cha mfereji, na isiyofika, zamu yake ya maji hupewa wengine. Wewe hukuacha mume wala mtoto. Kipande chako kilijaa tope na majani, na wazee wa maji walishasema kikibaki hivyo, basi tena. Maharage yako yalianza kunyauka. Na mimi ni mtu wa Maore kule bondeni, huku juu sina kipande wala sauti.

Jumamosi ya msaragambo nikapanda na jembe langu hivyo hivyo, liwalo na liwe. Nikalikuta darasa zima limo mferejini, tope magotini, Nakiete mbele na koleo lililomzidi urefu. Mzee wa zamu akawauliza, "Ninyi ni watoto wa nyumba gani?"

"Ya Madam," wakajibu.

Mzee akakubali kwa kichwa, akapita. Nakiete akanigeukia. "Sir, naomba nimalizie sentensi yangu." Akasimama wima mle mle topeni. "Because Madam died, we came."

Nililia mbele ya wanafunzi, na sijutii. Kisha nikaingia mferejini nao.

Msaragambo ukiitwa tena, tutakuwepo. Darasani nako hakai mtu na nusu ya sentensi, nakuahidi.

Pumzika, Mwalimu. Zamu yako ya maji ni Jumanne, kama zamani.