Jumanne Niliponyamaza Jukwaani

London, 9 Machi 1961

Dada yangu Edna,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini kifua kimekupa nafuu, na shemeji Clifford amesharudi kazini kiwandani. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, sina ninachoumwa.

Huenda umesoma gazetini kwamba nimeacha mchezo wetu wa jukwaani. Wameandika nimechoka. Miaka ishirini na minane ya kazi hii, tangu siku zile za Bolton nilipokuwa nikiingia jukwaani na sinia la chai na kutoka bila kusema neno, hadi filamu hizi ambazo mama alikwenda kuzitazama amevaa kofia yake ya kanisani, sijawahi kuchoka. Mama alikuwa akiwaambia wenzake kiwandani kwamba mwanawe analipwa kwa kusema uongo, na bado hajui kumdanganya mama yake.

Katika mchezo huu mimi ni mtu aliyekuja kumzika mama yake. Jumanne nilifika kaburini, nikavua kofia, nikanyamaza. Bi Maud, anayetukumbusha maneno kutoka pembeni, alininong'oneza mara tatu. Nilimsikia. Maneno niliyajua. Watu mia nane wakanisubiri, mmoja akakohoa, kisha pazia likashushwa. Bwana Pellow, msimamizi wetu, alinifuata chumbani akaniuliza kwa upole kama nimesahau.

“Sijasahau,” nikamwambia.

“Basi umepatwa na nini, Leonard?”

Nikachukua koti langu nikatoka. Wewe nitakuambia.

Edna, siku ya mazishi ya mama sikuwa Hispania kama nilivyokuandikia. Filamu ilikuwa imekwisha wiki moja kabla. Nilikuja Bolton kwa treni ya asubuhi, nikasimama mlangoni pa duka la mikate, ng'ambo ya kanisa. Niliwaona mkitoka na jeneza. Ulivaa lile koti la kijani, mkononi umefunga kitambaa cheusi. Nilingoja nilie, sikulia. Nikaogopa nikivuka barabara nitalia kama ninavyolia kazini, na wewe ungejua. Ndipo nikamwona mjomba Harold akivua kofia yake, akaishika kwa vidole viwili, mbali na mwili, kana kwamba si yake. Nikajiambia, hiyo itanifaa.

Imenifaa. Nimeishika kofia hivyo jioni mia moja na kumi na moja, na watu wamelia. Jumanne niliitazama pale mkononi, nikaona ni mkono wa mjomba. Hata hapo sikuhisi kitu. Nilishindwa tu kusema neno linalofuata.

Nitafika Jumamosi kwa treni ya saa saba mchana. Kaburini sitakwenda bila wewe. Usipotaka kunifungulia mlango, sitagonga mara ya pili.

Nisalimie shemeji na watoto. Msalimie na mjomba Harold. Alikuja kuutazama mchezo mwezi Januari, akaniambia pale kwenye kofia ndipo alipolia.

Ndimi kaka yako,
Leonard