Nusu ya Mshelisheli

Basseterre, 5 Julai 1998

Mdogo wangu Cuthwin,

Salamu tele kutoka ng'ambo hii ya kisiwa kikubwa. Mimi mzima, meno yangu yote yapo isipokuwa yale niliyoyaacha baa moja Rotterdam. Goti lako je?

Nimesikia kwa baharia wa kivuko kwamba umejiunga na hao wanaotaka Nevis ijitoe kwenye shirikisho la visiwa vyetu viwili iwe nchi peke yake. Nilicheka mpaka watu wakadhani nimepaliwa. Nchi! Mimi niliyepika melini miaka kumi na tisa nakwambia, kuna soko moja Brazili lina watu kuliko kisiwa chenu kizima. Watu elfu tisa na punda! Na huyo mwenyekiti wenu namjua, tuliacha shule mwaka mmoja: mimi kwa njaa, yeye kwa kichwa kigumu. Leo anataka aitwe waziri mkuu.

Wewe wamekuahidi nini? Sema kweli.

Kaka yako,
Vernal

Gingerland, Nevis, 14 Julai

Kaka Vernal,

Shikamoo. Goti ni lile lile, mvua ikija linatangulia kusema.

Nitakuwa afisa uhamiaji, gatini Charlestown. Kofia nimeshaletewa. Cheka umalize. Hao wakubwa wa serikali huko kwenu wametufanyia nini? Barabara wanajenga huko, sisi tunaletewa picha ya uzinduzi. Hata bandeji ya hospitali tunaiombea kwa barua. Nyinyi mnakula, sisi tunakomba sufuria.

Jina lako hukulihamisha, liko bado kwenye daftari la wapiga kura hapa Gingerland. Njoo tarehe kumi Agosti upige ndiyo. Tunatakiwa tufikishe theluthi mbili, kila kichwa kina kazi. Ukipiga hapana, usikanyage tena kwangu. Sitanii.

Mdogo wako,
Cuthwin

Basseterre, 20 Julai

Mheshimiwa Afisa Uhamiaji,

Hujambo na kofia yako? Hapa wazima.

Wakubwa wa Basseterre siwatetei. Wale nao wakipita na magari yao natema mate, na mate yangu yanafika mbali. Lakini wewe unataka kumfukuza mwizi mnene umlete mwizi mwembamba, eti kwa sababu mnafahamiana!

Basi sikia. Na mimi najitenga. Kiwanja cha marehemu Mama, kuanzia nusu ya mshelisheli kwenda mashariki, ni jamhuri yangu. Waya wa seng'enge ninao. Shelisheli likidondokea upande wangu, wewe na pasipoti yako mtapanga foleni.

Kaka yako na Rais,
Vernal

Gingerland, 25 Julai

Vernal,

Salamu leo hakuna.

Kiwanja hakikatwi. Tangu bibi yake bibi alipotoka utumwani, yeyote wa damu yake ana haki ya kurudi na kusimamisha kibanda pale, na hakuna aliyethubutu kufunga hata kamba ya kuanikia nguo ikaitwa mpaka. Wengine wetu waligombana kwa mapanga na bado walikula meza moja. Kitovu chako na changu vimezikwa chini ya mti ule. Utaugawa vipi mti? Mizizi nayo utaipigia kura?

Lete huo waya. Utanikuta.

Cuthwin

Basseterre, 28 Julai

Mdogo wangu,

Salamu mimi ninazo, chukua zangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikamsomea na kinyozi, akaniuliza, "Huyu nduguyo ni wa chama gani?" Isome tena mwenyewe. Palipoandikwa kiwanja, weka visiwa viwili.

Waya nimempa jirani anayefuga kuku. Tarehe kumi nakuja.

Kaka yako,
Vernal

Basseterre, 16 Agosti

Cuthwin,

U mzima? Nauliza kwa sababu sikuona dalili.

Nilikuja. Nilikusalimu mlangoni pa kituo cha kura, wewe na beji ya uwakala kifuani. Ukageuka ukamtazama mbuzi. Mbuzi, Cuthwin! Nikapiga kura, nikarudi na kivuko bila kuuona mti.

Redio imesema mlikuwa wengi lakini theluthi mbili hamkufikisha. Sijashangilia. Wenzangu walipoimba barabarani nilifunga dirisha, wapumbavu wale. Kama unadhani ni mimi niliyekunyima, niambie, nijue kama bado nina ndugu.

Kaka yako, mpaka uniambie vingine,
Vernal

Gingerland, 30 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Goti afadhali. Nisamehe yule mbuzi.

Nilikuwa kwenye kuhesabu. Kura ikiwa na shaka, msimamizi anaiinua mawakala waione. Akainua moja. Hakuna ndiyo, hakuna hapana. Kuna mti, na chini yake vitoto viwili vimeshusha kaptula, vinakojolea shina. Mkono wako hata gizani naujua. Ilikuwa vilevile siku Mama alipotuchapa wote kwa fimbo moja.

Msimamizi akaniuliza, "Bwana wakala, hii ni ya upande wenu?"

Nikasema, "Ni ya nyumbani kwetu. Weka kando."

Nilicheka peke yangu mbele ya mwenyekiti, na tangu hapo hanisalimii. Nimekawia kuandika kwa aibu tu. Mtu wa miaka hamsini na mbili, nakutishia kukufungia mlango wa Mama!

Njoo Jumapili. Mashelisheli yamekomaa pande zote, na supu ya mbuzi utapika wewe, maana ya kwangu utaitukana tu. Ile kofia niliivisha sanamu shambani iwatishe tumbili wanaong'oa viazi vyangu. Jana mmoja kaivaa, kapanda nayo mlimani, wenzake wote nyuma yake. Nadhani wametangaza nchi.

Mdogo wako,
Cuthwin