Kuuliza na Kunyamaza

Bweni la Watafiti, chumba cha juu
Jumamosi asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Hujambo huko, na shemeji je? Mgongo wake umepona, au bado anajifanya jabali? Mimi mwili mzima, ila roho haitulii. Leo nimefua shati ambalo tayari lilikuwa safi.

Unajua masomo yangu ya uzamivu yanafikia ukingoni. Chuo sasa kinasema shahada peke yake haimpi mtu kazi ya uhadhiri, lazima kwanza tujifunze kufundisha. Nilicheka. Mtu aliyezaliwa anaongea, afundishwe kusema?

Basi mkufunzi wetu, mama mpole lakini hana mchezo, alinirekodi darasani akanionyesha. Dada, niliona aibu! Nauliza swali, najijibu mwenyewe, nasonga mbele. Wanafunzi wamekaa kama wageni msibani. Ndiyo malezi yetu hayo: kwetu mtu akiuliza chumvi iko wapi, wanajibu watatu, na wewe wa kwanza. Mkufunzi akaniambia, "Ukishauliza, nyamaza. Usiwaonee huruma."

Jumatano nilipimwa ufundishaji kwa ajili ya kazi hiyo. Mkuu wa idara, tunayemwita Kikohozi, alikaa nyuma. Somo lilikuwa takwimu. Nikauliza, nikafunga mdomo. Kikohozi akakohoa. Nikiwa nakaribia kujijibu, msichana wa dirishani, ambaye sikuwa nimewahi kusikia sauti yake, akasema, "Mwalimu, mimi sijaelewa tangu wiki ya kwanza."

Nikawatazama wenzake. Wengi waliinamisha vichwa.

Ningeweza kumpoza nikamalizia somo nililoandaa. Badala yake nikafuta ubao, nikaanza na ya wiki ya kwanza. Kikohozi akatoka kabla kipindi hakijaisha.

Jibu la kazi ni Jumatatu. Naogopa, Dada, sikufichi. Miaka yote hii, na pengine nimeumwaga unga wangu mwenyewe. Mkufunzi anasema subira huvuta heri, lakini subira yenyewe sina.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Shangazi mwambie dawa ni zake, aache kuwagawia majirani. Mungu akulinde na nyumba yako yote.

Nilitaka kuishia hapo, ila hili linanikereketa. Jana yule msichana alinisimamisha kwenye ngazi, akauliza kama muhula ujao nitakuwa mwalimu wao. Alisimama akisubiri, daftari kifuani. Nami, Dada, nikamwambia aniulize tena Jumatatu.

Ndugu yako akupendaye kwa dhati,
Kitindamimba