Tai Aliyekosea Ubavu

Jumanne, baada ya isha

Kazi ya mwezi mzima nimeiharibu, na aliyegundua ni Baba.

Nilikuwa nikinakili picha iliyochapwa Italia zama zile wachoraji walipozifufua hekaya za Wagiriki: Prometheo amefungwa mwambani, tai anamla ini. Nikaichonga kwenye bamba la shaba kama nilivyoiona. Nikasahau kwamba ukichapa karatasini, kulia huwa kushoto. Nimelelewa na baba mchonga milango ya Mji wa Kale. Kwake yeye, unachokichonga ndicho kitakachoonekana.

Alasiri nikampelekea chapa ya kwanza kitandani. Macho yake yamezidi umanjano. Aliitazama kitambo.

"Ndege wako anakula pasipo na ini," akasema. "Ini liko huku." Akaweka mkono ubavuni, upande wa kulia, pale pale daktari anapobonyeza.

Nilikasirika. Si kwa ajili ya kosa. Ni vile alivyopajua mahali penyewe.

"Amefanyani mtu huyu?"

"Aliiba moto mbinguni akawapa watu."

"Na ini likishaliwa?"

"Humea tena usiku, Baba. Asubuhi tai hurudi."

Laiti ningenyamaza. Juzi, kule hospitalini Kizingo, daktari aliniita pembeni akaniambia ini la Baba halitapona, nami nikaapa kwamba hatalisikia neno hilo kwangu. Nyumba nzima tunamwambia atapona.

Akanirudishia karatasi.

"Maskini," akasema. "Afadhali mimi, langu litakwisha."