Tupa ya Nkambo Constantin

Ruashi, Lubumbashi, tarehe 14 Septemba

Kwako Yaya, dada yangu mkubwa mpenzi Virginie,

Pokea salamu zangu zote, na ukishazipokea tafuta kiti, maana barua hii ni ndefu. Hali yako? Mgongo umeacha kukusumbua? Shemeji Alexis na mwanao Fils ni wazima? Mihogo ya shamba la kando ya barabara imeshika? Sisi huku hatujambo kabisa. Joto limeanza, vumbi la mgodi linatua juu ya nguo nilizoanika, nami ninazifua upya huku nikiimba, kwa sababu kati yake kuna mashati ya mume wangu. Mume wangu. Nimeandika tena kwa makusudi, Yaya, univumilie. Ndoa ina miezi miwili tu na neno hilo bado lina ladha ya keki mdomoni.

Ningengoja mtandao wa Mitwaba urudi nikupigie simu, lakini yaliyomo humu nisingeweza kuyatamka. Paulin anasafiri kesho na lori la mahindi, atakuletea barua hii pamoja na kifurushi nilichokifunga kwa kitenge cha kijani. Usikifungue kabla ya kumaliza kusoma. Ninakujua. Kiweke chini.

Nikueleze kwanza maisha yetu. Hénoc anaamka kabla yangu, anachemsha chai, ananiletea kikombe kitandani. Kisha anakwenda kwenye karakana yake, hatua ishirini kutoka mlangoni, na bado ananiaga kama mtu anayepanda ndege ya Kinshasa. Asubuhi anachomelea milango na madirisha ya nyumba mpya za huku kwetu. Mchana anatengeneza visu. Watu wanamletea vyombo vya kazi vya wazee wao waliokufa, tupa, patasi, misumeno, naye anavigeuza visu vya nyumbani, ili mtoto akikata nyanya amkumbuke baba yake. Juzi Mama Christiane, yule mwenye duka la vitambaa, alileta mwiko wa kujengea wa marehemu mumewe. Hénoc aliugusisha kwenye mashine ya kunolea, akatazama cheche, akamwambia kwa upole kwamba chuma chake ni laini, kisu kitaweza avoka iliyoiva tu. Mama Christiane akajibu kwamba marehemu naye alikuwa laini hivyo hivyo, na yeye anapenda avoka, basi atengenezewe.

Sasa sanduku la vyombo la babu yetu, Nkambo. Siku ulipohama Naviundu ukaniachia, uliniruhusu vyombo vyote viwe visu, kimoja kwa kila mtu wa familia. Kasoro kimoja. Ulinishika sikio ukasema, "Ile tupa murefu, we Plamedie, usiiguse. Itabakia vile." Sikuhitaji kuuliza sababu. Nkambo aliishika miaka thelathini katika karakana ya reli, akagonga juu yake namba yake ya kazi, 3174, karibu na mpini. Nawe ulipokuwa mdogo ulikaa magotini pake ukipitisha kidole juu ya namba hizo, nazo ndizo za kwanza ulizojua kusoma.

Visu vya wengine vimekamilika na ni vizuri mno. Hénoc anapasha chuma moto hadi kiwe chekundu, anakizika katika majivu kipoe polepole, nacho kinalainika. Kikishapata umbo anakirudisha motoni hadi sumaku ikatae kukishika, ndipo anakizamisha katika mawese ya vuguvugu ili kiwe kigumu. Mwisho tunakipeleka kwa mwoka mikate wa mtaa, kinalala katika tanuru lake mpaka kigeuke rangi ya nyasi kavu. Basi visu vyetu vinatoka vikinukia mkate na sombe, kisamvu chetu cha mawese, Yaya, nani asingevipenda? Mimi pia ninajifunza kunyoosha makali. Nikikosea, Hénoc anasimama nyuma yangu na kuishika mikono yangu. Nakiri kwamba siku nyingine ninakosea kwa kupenda.

Nimefika mahali ambapo ningefurahi wino uishe.

Nilipohesabu visu, cha kwako hakikuwamo. Ukiacha tupa ndefu, sandukuni zilibaki bawaba mbili na misumari. Nikajiuliza itakuwaje yule aliyenilea tangu Mama alipofariki ndiye akose. Nikaona nikutengenezee mwenyewe, kwa mkono wangu, kisu chenye namba ya Nkambo, kizuri hata usahau kwamba ulikataza. Nikaitoa tupa ndefu. Hénoc aliponiuliza, nikamwambia kwamba umekubali. Ndio uwongo wangu wa kwanza katika ndoa, na nilimdanganya mtu anayeniletea chai kitandani.

Nilifanya kazi siku nne, nikaacha namba bila kuigusa. Jumamosi Hénoc alikwenda mjini kufunga mlango wa mteja, na mama mkwe akatokea bila kutuarifu. Jikoni mawese yalikuwa yamekwisha. Nikakimbilia karakana, nikachukua kopo jipya ambalo Hénoc alikuwa amelinunua kwa ajili ya visu, nikapika sombe na samaki, nikasonga ugali, bukari yetu. Mama mkwe aliongeza bukari mara tatu, akasema mwanawe ameoa vizuri, akarudi kwake. Nami, kichwa kikiwa kimevimba kwa sifa, nikarudi motoni nikitaka kumaliza kabla mume wangu hajafika. Kisu kikawa chekundu. Sumaku ikakikataa. Nikageuka kutafuta mawese, na kopo nilikuwa nimeliacha jikoni, tupu. Nikaona kisu kitapoa mkononi mwangu, na maji yalikuwa pale, ndoo nzima. Nikakizamisha.

Kililia mara moja tu, kama glasi iliyomiminiwa chai ya moto. Nilipokitoa, koleo ilikuwa imeshika nusu.

Hénoc alinikuta nimeketi chini. Nilimwambia yote, na kwamba wewe ulikataza. Aliokota vile vipande viwili, akaviweka mezani. Halafu akaniuliza kama sombe ilikuwa nzuri. Nikamwambia mama aliongeza bukari mara tatu.

"Basi mama yangu njo alikula kisu ya yaya yako," akasema.

Nikacheka na kulia pamoja. Lakini aliponifuta uso hakuwa akicheka tena. Alisema kwamba kwake jambo limekwisha, ila kwako sitamtuma mtu kunisemea. Niandike mwenyewe, bila kupunguza kitu. Ndiyo sababu unasoma haya. Nilikuasi, Yaya, na nilitumia jina lako kusema uwongo. Nisamehe.

Mama mkwe naye alipata habari. Jumatatu alifika na chupa kubwa ya mawese kichwani, akatangaza mlangoni kwamba amekuja kurudisha kisu alichokula. Hapo tukaanza upya. Ufa ulikuwa umepita katikati, mbali na namba. Nusu ile yenye namba Hénoc aliifanya kisu kifupi cha jikoni, akaniachia mimi nikizamishe, naye amekunja mikono mgongoni asinisaidie. Meno ya tupa tumeyabakiza kidogo juu, na mpini ni ule ule wa Nkambo, mweusi kwa jasho lake. Nusu ya pili sikukubali mtu aiguse tena. Imo kifurushini vilevile ilivyovunjika, kwa sababu ulitaka kitu kimoja kibakie vile, na mimi nimebakiwa na hicho tu.

Sasa fungua kitenge. Halafu funga macho, upitishe kidole karibu na mpini.

Msalimie sana shemeji, mbusu Fils mashavu yote mawili, uwaambie majirani wa huko kwamba mdogo wako ameolewa na bado anaringa. Hénoc anakusalimu kwa heshima; anasema ukija Pasaka utalala kwetu, na mawese ya karakana siku hizi yamefungiwa kwa kufuli.

Usijitese kuniandikia jibu, najua unavyochoka na kalamu. Paulin atarudi baada ya siku kumi. Mpe kitu chochote ulichokikata na kisu hiki, hata kipande kimoja cha muhogo. Nikikipokea nitajua. Na akija mikono mitupu nitajua pia, nami nitapanda lori hilo hilo nije nipige magoti mlangoni pako, ukinishika sikio nisipige kelele.

Mdogo wako,
Plamedie, mke wa Hénoc