Nilisahau Mwezi Mpevu

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, na roho yangu nzito kuliko mawingu.

Leo nimejiaibisha, shajara, na sina wa kumsingizia.

Baba ana siku ya tatu hagusi chakula. Tangu nimtoe Ujiji nimuuguze hapa kwangu Katubuka, homa imekwisha lakini hamu ya kula haijarudi. Uji anausukuma, nyama anaitazama tu. Jana akataja kitu kimoja: dagaa wa mawese.

Basi asubuhi nikamngoja Mama Riziki, anayetuletea dagaa kutoka Bangwe, kule ziwani, mlango kwa mlango, beseni kichwani. Nyumba zimeongezeka huku juu, soko limebaki kulekule chini. Soko letu ni miguu yake.

Saa nne, kimya. Na jana hakuja. Nikampigia simu nikamfokea, eti kapata wateja wa maana, sisi katutupa na mgonjwa ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, dada. Kwani mzee anaumwa? Nakuja."

Saa sita akafika kalowa chapachapa, na kifuko cha dagaa wakavu. Hata chai hakungoja.

Baba alikula! Alimaliza tonge la mwisho, nami nikalia jikoni kwa furaha. Akauliza dagaa wametoka wapi. Nikamsimulia, na ile simu nikaitia chumvi kidogo, nionekane mkali. Akaacha kulamba vidole.

"Mwanangu, mwezi mpevu huu. Nani anavua?"

Mimi, binti wa mvuvi!

Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni. Utotoni siku hizo tulikula wakavu, wale aliokuwa akituwekea mama kwenye mtungi. Nilijua hayo kabla sijajua kusoma. Sasa nina taa ya barabarani mlangoni, na sikumbuki lini nilitazama juu mara ya mwisho.

"Hao ni wa akiba," Baba akasema. "Wa watoto wake. Wao wamebaki na nini?"

Miaka yote hii Mama Riziki akikosa kuja mimi hukimbilia buchani, wala sijawahi kujiuliza kwake wanapika nini.

Nimeshapanga unga na maharage kwenye beseni. Kesho nashuka Bangwe kwa miguu, na zamu hii kichwa kitakachouma ni changu.